Mshipa wa Mzee Pantaleo

Pale Sigino, kijiji cha Babati, familia ikitaka kupeleka posa mahali, jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Pantaleo. Hakuwa tajiri. Alikuwa na shamba la mahindi na mbaazi lililoteremka hadi korongoni, ng'ombe wachache, mke aliyeitwa Xaveria, na binti mmoja, Benadetha, aliyeolewa Dar es Salaam. Alichowazidi wenzake ni mdomo. Haukuwa mdomo wa kupayuka. Ulikuwa mdomo wa kuzunguka.

Mshenga wa kweli, alikuwa akisema, hakiiti kitu kwa jina lake. Akiingia nyumba ya watu hasemi amekuja kuposa. Huuliza mvua ilinyeshaje upande huo, huulizia mifugo, humsifu bibi wa nyumba kwa ua lililofagiwa. Kisha, kana kwamba amekumbuka tu, hueleza kwamba huko walikotoka wamepotelewa na mtamba, wamefuata nyayo zake polepole, na nyayo zimewaleta hadi kwenye zizi hili. Je, wenyeji hawajamwona? Wenyeji nao, kama ni watu wa adabu, hujibu kwamba mitamba hapo ni mingi, wageni waeleze alama za huyo wao. Hapo shughuli huwa imeanza, na bado hakuna aliyetamka neno ndoa.

Tabia hiyo Pantaleo aliirudisha nyumbani. Akisikia njaa hakuomba chakula. Alimwambia mkewe, "Mama Benadetha, naona moshi umetulia jikoni." Jirani alipofiwa na baba yake, Pantaleo alitangaza msiba kwa namna ambayo nusu ya kijiji walielewa kwamba mzee amesafiri. Watu walicheka, lakini walipokuwa na kijana wa kuoza walikuja kwake.

Ugonjwa wenyewe uligunduliwa bila kutafutwa. Kiuno kilimsumbua, akaenda mjini kupigwa altrasaundi ya figo, na mpimaji akakiacha kile kifaa kimelala juu ya kitovu chake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Figo zilikuwa nzima. Kilichomshtua mpimaji ni mshipa mkubwa wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni na kupita tumboni mbele ya uti wa mgongo. Kwa Pantaleo ulikuwa umetuna sehemu moja kama mpira wa ndani unaotokeza penye tairi lililochakaa. Aliulizwa kama anavuta sigara. Akajibu kwamba moshi na yeye wamefahamiana tangu ujana.

Alipelekwa Dar es Salaam, kwa Benadetha, na huko kwenye hospitali kubwa. Madaktari wakamweleza kwamba hawatampasua tumbo. Watapitia kwenye mishipa ya mapajani, pande zote mbili, juu kidogo ya kinena, na kupandisha bomba jembamba la kitambaa lenye waya ndani yake. Bomba hilo litafunguka ndani ya ule mshipa uliotuna, damu itapita humo, na kuta dhaifu zitapumzika.

Jioni hiyo Benadetha alimpigia mama yake simu. Mtandao ulikuwa unakatika. Xaveria alisimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee simu iliposhika vizuri, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka mlima Kwaraa. Alisikia maneno matatu yaliyokamilika: Baba, mshipa, umevimba. Na kwamba kesho yake angefanyiwa operesheni.

Sasa, katika Babati, na si Babati peke yake, mwanamume akisemwa ana mshipa watu hawafikirii moyo wala damu. Wanafikiria ule ugonjwa wa wanaume unaoshuka chini na kumfanya mtu atembee kwa kutanua miguu. Ni ugonjwa usiotajwa mbele ya wakwe. Xaveria aliposikia neno hilo kinywani mwa binti yake aliona aibu kuuliza zaidi, na Benadetha aliposikia mama yake amenyamaza alidhani ameelewa. Wote wawili walikuwa watu wa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyoharibu mambo.

Jumamosi asubuhi jumuiya ya kanisa ilikutana nyumbani kwa Xaveria, ilikuwa zamu yake, wakasali rozari, wakasoma Injili, na ilipofika saa ya maombi kila mtu akataja shida yake. Xaveria akainamisha kichwa akasema, "Tumwombee Baba Benadetha. Yuko Dar es Salaam, anapasuliwa mshipa."

"Twakuomba utusikie," jumuiya ikaitika.

Waliitika wote isipokuwa Damasi, jirani yao, baba yake Rosemary, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Damasi alikuwa amefunika uso kwa kofia yake, na mabega yalikuwa yakitikisika.

Pantaleo aliporudi, kila kitu kilithibitisha maneno ya watu. Alishuka stendi akitembea kwa uangalifu, hatua fupi fupi, kwa sababu vidonda vya kinenani vilikuwa bado vibichi. Aliambiwa asinyanyue mzigo. Aliketi pembeni kidogo ya kiti. Wanaume waliomtembelea walimpa pole ya aina yake, ile ya kumgusa bega na kutazama pembeni. Ilimchukua siku kadhaa kuelewa wanampa pole ya nini. Alipoelewa, alimwuliza mkewe aliwaambia nini, na mkewe akamwambia. Kisha Xaveria akauliza kwa sauti ndogo kama kumbe haukuwa ule. Pantaleo akasema haukuwa ule.

Angeweza kwenda jumuiya Jumamosi iliyofuata akaeleza. Xaveria alimsihi aende. Lakini aelezeje? Mtu aliyeishi kwa kuzunguka hana njia ya mkato ndani yake. Kila alivyoipanga hotuba hiyo kichwani ilikuwa lazima ifike mahali pa kutaja kinena chake mbele ya akina mama, na hapo ilikwama. Zaidi ya hayo, makovu yalikuwa mahali yalipokuwa. Akasema watu watachoka.

Hawakuchoka. Kwenye vilabu vya pombe alipachikwa jina la Mzee Mshipa. Vijana wa bodaboda pale Maisaka walimwuliza kwa adabu yote kama akae mbele au nyuma, ipi haimsumbui. Na posa zikaanza kupita njia nyingine. Hakuna aliyemwambia sababu. Ila mshenga hupelekwa kuomba uzazi katika nyumba ya watu, na mtu wa mshipa, katika fikra za wengi, hana baraka hiyo ya kupeleka.

Mwaka wa kwanza alikwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya CT kama alivyoagizwa. Huko alikutana na daktari mwingine, Scholastica, mwanamke mrefu asiye na haraka, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu ndani ya mwili huku akitazama picha badala ya kupasua. Alimwonyesha Pantaleo kioo cha kompyuta. Bomba lilikuwa mahali pake, zima, halijatoboka. Lakini nje ya bomba, ndani ya ule uvimbe wa zamani, palikuwa na weupe kidogo kama maziwa yaliyomwagika. Ilikuwa damu.

Daktari Scholastica alieleza hivi. Ukutani mwa ule mshipa uliotuna kuna vijishipa vinavyoelekea mgongoni. Zamani vilikuwa vinachukua damu humo na kuipeleka mgongoni. Sasa mlango wake umezibwa na bomba, baadhi vinafanya kinyume, vinairudisha damu kwenye uvimbe kutoka nyuma. Ni kama bwawa ambalo mto wake umepitishwa kwenye bomba, lakini chemchemi za pembeni bado zinalijaza. Mara nyingi chemchemi hizo hukauka zenyewe. Kwa hiyo wangoje. Arudi baada ya miezi sita. Uvimbe ukikaa vile vile, vizuri. Ukikua, maana yake kuta bado zinasukumwa, na ukuta unaosukumwa iko siku utapasuka.

"Kwa kifupi, mshipa unavuja," Benadetha akamwambia njiani wakirudi, ili kuhakikisha ameelewa.

Pantaleo alimwomba asilirudie neno hilo kwenye simu ya mama yake. Alikuwa tayari ni Mzee Mshipa. Hakuwa na nguvu ya kuwa Mzee Mshipa Unaovuja.

Miezi sita ilifika, ikapita. Alisema mvua zimewahi. Kisha mbegu. Kisha ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa. Kila safari ya Dar es Salaam ilimaanisha stendi, na stendi ilimaanisha mtu wa kumwuliza kama mshipa umerudi, kwa maana ule wa wanaume hujulikana kwa kurudi. Benadetha alipiga simu hadi akachoka kulia. Xaveria hakulia. Aliacha tu kumjibu mambo ya kuzunguka. Mumewe akimwambia moshi umetulia jikoni, alimjibu kwamba kuni ziko pale.

Wakati huo ndipo Sylvesta, rafiki yake wa tangu shule ya msingi, alipokuja kumwomba ampelekee posa. Kijana wake Benedict alikuwa amempenda binti wa kijiji cha Nakwa, na Sylvesta alisema hajali watu wanasema nini, hakuna mshenga mwingine anayemtaka. Pantaleo alichukua fimbo yake na kofia siku hiyo kwa furaha ambayo alijitahidi isionekane.

Nyumbani kwa binti, msemaji wa wenyeji alikuwa baba mdogo wake, na baba mdogo huyo alikuwa Damasi.

Pantaleo alianza vizuri. Mvua, mifugo, ua lililofagiwa. Akafika kwenye mtamba aliyepotea na nyayo walizozifuata kutoka Sigino.

Damasi alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayemjali mgeni, "Umefuata nyayo kwa miguu, Baba Benadetha? Umbali wote huo? Na huo mshipa haukukushuka njiani?"

Chumba kizima kilijizuia. Kisha shangazi mmoja akashindwa, akacheka ndani ya kanga yake, na wengine wakamfuata. Haukuwa utani mbaya kupita mipaka. Kwenye posa wasemaji hutaniana na anayejua kazi hurudisha utani mkali zaidi. Pantaleo alikuwa amerudisha mizaha kama hiyo maisha yake yote. Siku hiyo alijua la kusema, lakini lilihitaji kutaja mahali, na mahali hapo hapakutajika. Sylvesta ndiye aliyemaliza mazungumzo, vibaya, akikubali karibu kila walichotaka wenyeji.

Njia nzima ya kurudi Sylvesta alizungumza habari za bei ya mbaazi.

Baada ya siku ile Pantaleo alikubali jambo moja: kupigwa altrasaundi pale pale mjini. Alikwenda mapema, akapitia lango la nyuma ambako huingia magari ya kuni. Mpimaji alikuwa yule yule wa mwanzo. Alipima, akapima tena, akafuta mafuta tumboni mwake kwa mkono mzito. Uvimbe ulikuwa umekua. Ulizidi ule wa picha ya mwisho kwa upana wa kidole cha mtu mzima.

"Mzee, huu usikae nao," mpimaji alisema. "Nenda."

Pantaleo alimwambia kwamba safari iko njiani inakuja. Akarudi shambani kuvunja mahindi.

Usiku akilala chali aliweza kuusikia ukidunda chini ya kiganja chake. Hakumwambia mtu. Sababu alizojipa zilikuwa mbili, na zote aliona haya kuzisema: kwamba wangemwingilia kinenani tena, na kwamba angerudi akitembea vile tena, stendi nzima ikimtazama.

Damasi alimfuata huko huko shambani, mchana, peke yake. Mbaazi zilikuwa zimeanza kutoa maua na zilimzidi mtu urefu, kwa hiyo Pantaleo alimsikia kabla ya kumwona. Alidhani amekuja kuongeza mengine. Akaendelea kuvunja mahindi.

Damasi aliuliza habari za mavuno. Akasifu ukubwa wa mahindi. Akasema upande wake panya wameharibu. Kisha akakaa juu ya gunia.

"Nina jamaa yangu mmoja," akasema.

"Ehe."

"Mtu mzima, umri kama wetu. Anakaa huko Dareda."

"Hajambo huyo jamaa?"

"Hajambo. Ila akifanya kazi ya kusimama, ikifika jioni mzigo unashuka."

"Mzigo gani?"

"Mzigo tu."

Pantaleo alimgeukia. Aliifahamu lugha hiyo kuliko mtu yeyote Babati. Alitazama suruali ya Damasi, pana kama ya askari wa zamani, na akakumbuka kwamba ni muda sasa Damasi amekuwa akikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kamwe si kwenye benchi na wenzake.

"Na jamaa yako," akauliza, "anavaa suruali kama hiyo yako?"

Damasi akaitazama suruali. Akatoa kofia, akaikung'uta vumbi lisilokuwepo, akaivaa tena.

"Nipe jina la daktari wako," akasema mwishowe. "Yule aliyekupasua. Wewe sasa unatembea vizuri."

Kicheko kilimpanda Pantaleo kutoka mbali. Alicheka hadi akaegemea shina la mbaazi, na Damasi, ambaye mwanzoni alikasirika, naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Kisha Pantaleo akausikia ule mdundo tumboni, akanyamaza ghafla. Akaweka mkono juu yake.

"Wangu si huo, Baba Rosemary," akasema.

"Si upi?"

"Si wa kushuka. Lete mkono."

Akauchukua mkono wa Damasi, akauweka juu ya kitovu chake, akaubonyeza kidogo. Damasi alikaa hivyo, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza kwenye mlango. Kisha akauondoa mkono haraka.

"Ni nini hicho?"

"Ni mshipa wa damu. Ule mkubwa unaotoka moyoni. Umetuna. Waliniwekea bomba ndani, wakalipitishia hapa na hapa." Akajigusa kinena, kulia na kushoto, mchana kweupe. "Ndiyo maana nilitembea vile. Sasa damu inapenya nyuma ya bomba, na uvimbe unakua."

"Ukikua sana?"

"Unapasuka."

"Ukipasuka?"

"Nakufa," Pantaleo alisema. "Sifiki hata Bonga hapo."

Alisikia sauti yake ikilisema. Katika miaka yote ya kuwatangazia watu misiba hakuwahi kulitumia neno hilo likiwa peke yake, bila kulifunika na kitu. Lilitoka dogo tu, kavu, kama gunzi lililopukuchuliwa. Akakaa kwenye gunia kando ya Damasi.

"Na huyo daktari anajua?"

"Ananingoja."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujapanda hizi mbaazi."

Damasi aliinua macho akazitazama mbaazi, kuanzia chini hadi kwenye maua.

"Basi wewe ni mjinga kuliko mimi," akasema, na hakukuwa na mzaha ndani yake. "Wangu unanitia aibu tu. Wako unakuua, na wewe umekaa hapa unavunja mahindi."

Walipatana pale pale, kama watu wa posa, kila mmoja akivuta upande wake. Damasi alitaka waende wote wawili baada ya mavuno. Pantaleo alisema Damasi aanze, kwa sababu wake unatibika hapo hapo mjini. Mwisho ikawa Pantaleo atangulie, na wiki hiyo hiyo. Akirudi salama atampeleka Damasi kwa daktari mwenyewe, kwa mkono. Mahindi yaliyobaki yangevunjwa na nyumba ya Damasi.

Jioni, Pantaleo aliingia jikoni. "Mama Benadetha," akasema, "nina njaa. Na kesho kutwa nakwenda Dar es Salaam, uvimbe umekua." Xaveria aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akamwuliza amnyooshee shati lipi.

Daktari Scholastica alitazama picha mpya kwa muda. Aliwaambia kwamba sasa hawangoji tena. Chemchemi mbili zilikuwa zinaonekana wazi, na zilihitaji kuzibwa, pamoja na nafasi ile damu inamokaa. Akauliza kama wana swali.

Pantaleo alikohoa. "Daktari, mara hii wageni wataingilia mlango upi?"

"Wageni gani, mzee?"

"Mara ile walipita mlango wa chini. Mlango ule umeniletea maneno nyumbani."

Daktari alimtazama Benadetha. Benadetha alitazama dirisha. Pantaleo akavuta pumzi.

"Mtanitoboa kinenani tena?"

"Hapana," daktari akasema. "Njia ya huko kwako imepinda sana. Tutaingia mgongoni, kwa sindano, kushoto kwa uti wa mgongo. Picha itatuonyesha pa kupita."

"Mgongoni," Pantaleo akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ng'ombe amezaa mapacha.

Alimwambia pia yasiyopendeza. Kwamba kuna uwezekano wa kugusa neva, au wa kuziba mahali pasipotakiwa, na ndiyo sababu watakwenda polepole. Kwamba huenda chemchemi nyingine ikajitokeza baadaye, warudie. Na kwamba hata mambo yakienda vizuri atapigwa picha kila mwaka maisha yake yote. Kisha akamwomba jambo moja. Hatalazwa usingizi, atachomwa ganzi tu, na akihisi maumivu yanayoteremka mguuni aseme pale pale, kwa maneno ya wazi.

Walimlaza kifudifudi kwenye meza nyembamba, mto chini ya tumbo, mikono mbele ya kichwa. Mgongo ulioshwa kwa dawa ya baridi. Mashine ilikuwa duara kubwa jeupe, na meza iliingia ndani yake na kutoka, ikaingia na kutoka. Sauti ilimwambia avute pumzi, ashikilie, aachie. Daktari alitoka chumbani kila picha ilipopigwa, akarudi, akasogeza sindano kidogo, akatoka tena. Pantaleo, uso ukiwa pembeni, aliona viatu vyake tu, raba za kijani, vikienda na kurudi bila haraka.

Kisha moto mwembamba ukashuka kutoka nyonga hadi nyuma ya goti. Mazoea yake yalikuwa kungoja, kutafuta namna ya kulisema, pengine kwamba kuna jirani amewasha kuni upande ule.

"Daktari, mguu wa kushoto unawaka."

Raba zikasimama. "Vizuri, mzee. Umesema vizuri." Sindano ikarudishwa nyuma, picha ikapigwa, sindano ikaelekezwa upya. Moto ukazimika.

Kilichofuata hakukisikia zaidi ya uzito. Walipitisha nyuzi laini za metali zilizojikunja zenyewe zilipofika ndani, na baada ya nyuzi gundi, kidogo kidogo, huku daktari akiitazama inavyokwenda kwenye picha. Meza ilipotoka mara ya mwisho, Pantaleo alikuwa ameanza kusinzia.

Baadaye walimwonyesha. Pale palipokuwa na maziwa yaliyomwagika palikuwa na weupe mzito, uliotulia, kama nta ya mshumaa uliozimwa. Alikaa kuutazama hadi muuguzi akaja kumwomba apishe mwingine.

Alirudi Babati akitembea kama kawaida. Hapo stendi kijana wa bodaboda alimwamkia shikamoo na kumwuliza kama mshipa umetulia. Pantaleo alimjibu marahaba, akamgeuzia mgongo, akapandisha shati, akamwonyesha plasta ndogo karibu na uti wa mgongo. "Waliingilia hapa," akasema. "Mshipa wa damu. Sasa nipeleke Sigino, na usikimbize." Kijana akawasha pikipiki.

Altrasaundi ya kabla ya mvua za vuli ilionyesha uvimbe haukukua tena. Mpimaji alipima mara mbili, na mara ya pili akatabasamu. Pantaleo akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Damasi kudai ahadi yao ya shambani. Damasi alisema mbaazi kwanza ziuzwe. Kisha paa la zizi. Pantaleo aliyafahamu maneno hayo, alikuwa ameyatumia yote. Akakaa kwenye benchi la Damasi na kusema hataondoka. Siku ile ile waliingia wote wawili kwa daktari kijana pale mjini, na daktari alipouliza mzee anasumbuliwa na nini, Damasi alimtazama Pantaleo kama mwenye posa anavyomtazama mshenga wake. Pantaleo alitazama dari. Damasi akasema mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa zamu ya Xaveria tena. Walisali rozari, wakasoma, wakafika kwenye maombi. Xaveria alisimama, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Nilikosea kuomba mara ile," akasema. "Tumshukuru Mungu kwa ajili ya Baba Benadetha. Ulikuwa ni mshipa mkubwa wa damu, wa tumboni, nyuma ya kitovu. Ulikuwa unavuja, wameuziba. Tuombe uzibike hivyo hivyo."

"Twakuomba utusikie."

Watu wakapanga upya kichwani mambo waliyoyacheka. Shangazi yule wa Nakwa, aliyekuwa mgeni siku hiyo, aliivuta kanga yake usoni, safari hii hakucheka. Kigoda cha karibu na mlango kikalia.

"Na mimi mniombee," Damasi akasema, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. "Jumatatu napasuliwa mshipa." Akameza mate. "Wangu ni ule mwingine."

Bega la Pantaleo lilianza kutikisika. Alilishika kwa mkono wake mwenyewe, akaitika kwanza kabla ya wote, kwa sauti kubwa.

"Twakuomba utusikie."